Gorogoro ya Mama Musyimi

Mpendwa mshauri Kanyiva,

Nisaidie kabla siku ya soko haijafika, maana sijui nitaketi wapi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza nafaka hapa Tawa, ndengu na mbaazi na maharagwe, na shida yangu si mume wala si mimba kama zile ninazosoma kwako kila wiki, shida yangu ni mizani, na najua kuna watakaocheka lakini mimi usingizi umenihama.

Niliingia sokoni nikiwa na gunia moja la mbaazi na mtoto mgongoni, sina hata pa kutandika, na mama mmoja anayeitwa Nduku, sisi humwita Mama Musyimi, akasogeza magunia yake akanipa nusu ya kivuli chake, akanifundisha kung'ata punje ya ndengu nisikie kama imekauka kabla sijanunua kwa mkulima, akanionyesha ni nani wa kukopesha na ni nani wa kusalimia tu, na nilipolazwa hospitali na mtoto wa pili aliuza nafaka kwenye meza zote mbili, yake na yangu, akaniletea pesa zangu zimefungwa kwenye leso. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita, kwa hivyo Mama Musyimi namwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na sisemi hivyo kwa adabu tu, namaanisha.

Pale sokoni sisi sote tulikuwa tunapima kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, unajaza mpaka nafaka inasimama kama kichuguu, halafu mteja anasema niongeze, nawe unaongeza kiganja, mnacheka, anaenda zake. Sasa mwaka jana akaja mama mmoja anaitwa Wacuka, ana hoteli kule Emali, akataka ndengu kwa magunia kila mwezi lakini kwa kilo, akaniambia, "Mimi gorogoro siitaki, kila mtu ako na yake na kila moja inasema vingine." Nikanunua mizani ya kidijitali nikaiweka mbele kabisa ya meza, kwa sababu ilikuwa inang'aa na nilijivunia, sikuwa na nia mbaya hata kidogo. Mama Musyimi aliitazama akasema, "Kwani hiyo mashine imekuja kutuambia sisi ni wezi?" Nikacheka nikidhani ni mzaha.

Wateja wangu wadogo wadogo wakaanza kupungua, wanasema mashine haina utu, na kweli mimi niliacha nyongeza, kwa sababu namba ikishaandika mbili unaona kama kuongeza ni kuharibu, basi wakawa wananunua kwa Mama Musyimi, halafu, mshauri, wanakuja na mfuko kwangu, "Mutanu, si unipimie tu nione kama iko sawa," nami napima, na haiko sawa. Ilikuwa inapungua karibu robo kilo. Nikadhani mashine imeharibika, nikaweka pakiti ya sukari, sukari ikasoma kilo yake sawasawa. Siku moja Mama Musyimi alienda msalani, nikageuza gorogoro yake nikaona kitako kimeingia ndani, na sijui kama kiligongwa na mzigo au kuna mtu alikigonga kwa nyundo, na kusema kweli sitaki kujua.

Tangu hapo kila aliyeleta mfuko nilimsomea uongo. Nageuza mizani upande wangu, nasema iko sawa, na mimi ndiye ninayeongoza maombi ya akina mama kanisani kwetu kila Jumatano. Nilijiambia namlinda mama yangu. Halafu soko moja akaja Kanini, nyanya anayelea wajukuu wake peke yake, sisi humwita susu, akaweka mfuko aliotoka kununua kwa Mama Musyimi, mizani ikasoma pungufu kama kawaida, nikasema kwa sauti ili meza zote zisikie, "Kilo mbili kamili, susu," akashukuru akaenda. Nilipoinua macho Mama Musyimi alikuwa anaitazama ile mizani niliyoigeuza, na uso umemshuka. Alifunika magunia yake asubuhi hiyo hiyo, soko likiwa limejaa, nikamfuata mpaka barabarani nikimwita mwaitu, mwaitu, akaniambia bila kugeuka, "Nani alikutuma unifichie?"

Sasa ametandika kule mwisho, karibu na wauza mitumba, mahali ambapo hakuna mtu anayetafuta ndengu, na hanijibu salamu. Mume wangu Mulei anasema, "Sema ukweli, ama utupe hiyo kitu," lakini nikiitupa nimempoteza Wacuka na karo ya watoto inatoka kwa Wacuka, na nikisema ukweli Mama Musyimi ataaibika sokoni akiwa mtu mzima, na nikinyamaza ndiyo hivyo, ameshaniacha. Mshauri, mimi sina mama mwingine. Nifanye nini?

Mutanu, Tawa. Tafadhali badilisha majina.

* * *

Mutanu mwanangu,

Majina nimebadilisha yote, hata la soko, kwa hivyo walio Tawa waache kugeuzana mikebe.

Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwenye leso. Mtu aliyekuuzia nafaka yako ukiwa umelala hospitali si jirani wa biashara, na ningeshangaa kama ungemwanika mbele ya watu bila hata kusita. Umempenda vizuri. Sasa kaa sawa nikugombeze.

Ulipomsomea susu Kanini kilo mbili kamili, ulimpa Mama Musyimi zawadi, lakini zawadi hiyo uliitoa kwenye sufuria ya Kanini. Gunia lako halikupungua hata punje. Robo kilo ya ndengu ni chakula cha jioni cha mtoto, na yule nyanya alikuja kwako kwa sababu kati ya meza zote alidhani yako haiwezi kumdanganya. Mambo ya Jumatano utayamaliza na mchungaji wako, mimi si mhubiri. Ninalojua ni kwamba njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia miguuni pa mtu uliyedhani unamkinga. Mtu mzima huweza kuambiwa amekosea akavumilia. Lakini kuhurumiwa hadharani na mtoto aliyemfundisha kazi, hilo Mama Musyimi lilimshinda, na hata mimi lingenishinda.

Jambo la pili ni hiyo mizani yako. Usiitupe, mwambie Mulei nimesema. Wacuka yuko mbali, hakujui wala hajui ulizaliwa wapi, kwa hivyo anaamini namba, na ana haki. Lakini wale wa hapo nyumbani hawakukimbia mashine. Walikukimbia wewe, kwa sababu siku ulipoiweka mezani ulikunja kiganja. Nani alikukataza kuongeza? Ikisoma mbili, ongeza. Kile kiganja ndicho kinachomwambia mteja kwamba unamjua, kwamba mvua ikikosa atakuja mikono mitupu na hutamfukuza. Wateja wako wanalijua hilo kuliko wewe. Hebu fikiria walichokuwa wakifanya: wananunua kwa Mama Musyimi, wanapima kwako. Kama wangetaka kilo tu wangenunua kwako yakaisha. Wanamtaka Mama Musyimi, na wanataka kipimo cha haki, na si tamaa kutaka vyote viwili. Nyinyi wawili mkiwa pamoja mna vyote. Mkitengana kila mmoja ana nusu, na soko zima linakula hasara.

Kwa hivyo fanya hivi. Anza na susu Kanini, leo, kabla hujamaliza chai. Mpelekee ndengu kutoka gunia lako, zizidi zile zilizopungua, na umwambie ulisoma vibaya kwa makusudi. Usimtaje Mama Musyimi. Kanini ana macho na atajua, na akijua mwache ajue, lakini kinywani mwako yatoke makosa yako tu. Na kuanzia leo usipime nafaka ambayo hukuiuza. Mtu akileta mfuko wa meza nyingine, mwambie arudi kwa aliyemuuzia. Wewe hukuajiriwa kukagua soko.

Halafu nenda kwa Mama Musyimi, nyumbani kwake, siku isiyo ya soko. Penye kuku wengi usimwage mtama, na wewe muuza nafaka hupaswi kufundishwa hilo na mtu wa gazeti. Usibebe mizani. Usimtume mchungaji wala mama mkubwa wa kanisa akutangulie, maana hiyo tena ni kumfanyia baraza. Akikukaribisha, keti. Asipokukaribisha, simama hapo mlangoni umwambie, "Mwaitu, nilidanganya kwa jina lako na nikakuaibisha, nisamehe. Gorogoro yako imeingia kitako na inapunja watu. Nimekuja kukwambia wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote." Kisha funga mdomo, hata akinyamaza mpaka ukasikia kuku wake wakiparua. Wala usimuulize ni nani aliyeigonga. Akitaka kukwambia atakwambia, na asipotaka, hilo ni lake na Mungu wake.

Lakini usimwachie mlango wa kuendelea nayo. Mkebe unaopunja ni mkebe unaopunja, hata ukishikwa na mkono uliokulea, na wale wanaopunjwa pale ni maskini wenzenu. Mwambie mizani itakaa katikati ya meza zenu, yeye apimie na wewe upimie, na nyongeza kila mtu atoe kwa kiganja chake. Najua chake ni kikubwa kuliko chako.

Anaweza kukataa. Anaweza kukutukana, na ukitukanwa vumilia tu, umetukanwa na mtu anayeumia. Hilo sina dawa yake, na usiamini mshauri yeyote anayekuahidi kwamba mama akiombwa radhi hulainika siku hiyo hiyo. Siku ya soko ikifika tandika mahali pako pa siku zote, na ule upande wake uuache wazi. Wakikuuliza mbona umeacha nafasi, sema kuna mwenyewe. Asiporudi soko hilo, iache wazi na lile litakalofuata.

Na akirudi, Mutanu, usilie, usimkumbatie mbele za watu, usianze kueleza tena. Msaidie kushusha gunia. Na mteja wa kwanza atakayekuja kwako asubuhi hiyo, mwelekeze kwake.