Maharage ya Shina Lenye Uzi

Mwenzangu, uko hapo? Nimepika mbegu za mama. Nimezipika, unasikia?

Tangu tumzike, baba anaonja tu na kusukuma sahani. Leo nikasema acha ale kitu cha bustani ya mama. Nikachuma maharage mabichi yote, nikayamenya, nikayachemsha na nyanya na kitunguu.

Kijiko cha kwanza akatabasamu. Nakwambia alitabasamu! Halafu akauliza, "Ya lile shina lenye uzi mwekundu umeyaacha, siyo?"

"Uzi gani tena, baba? Nimechuma yote."

Kumbe kila msimu mama alifunga uzi kwenye shina bora, lisiguswe mpaka likauke, ndiyo apate mbegu ya kupanda. Mbegu aliyopewa na bibi, na hakuna mwingine aliyebaki nayo. Na mimi nimeichemsha.

Dada akadakia, "Hongera. Mama tumemzika mara mbili."

"Nyamaza wewe," baba akamwambia. Akavuta sahani, akala punje moja moja, polepole, mpaka zikaisha. Akaninyooshea sahani nimwongezee.

Nikampakulia mpaka sufuria ikawa tupu.