Koti Lako Liko Makupa

Baba yangu mpenzi,

Sijatulia. Nakaa nainuka, na kosa ni langu. Siku ya tatu tu baada ya kukuzika nilizikusanya nguo zako zote nikazitoa sadaka, nikampa mchukuzi mmoja wa Makupa aliyepita hapa Ndia Kuu na mkokoteni wake. Koti lako la jeshi nikalitia humo humo. Haraka ya nini? Sikuweza kuliona limetundikwa bila wewe.

Jana mama, aliye edani na hatoki nje, akaniuliza, "Lile koti la babako li wapi? Niletee nilale nalo."

Lo! Nilikosa pa kuuweka uso.

Koti lile, baba! Mombasa na joto lake, nawe wavaa koti zito la baridi ya mpakani. Ulirudi nalo kutoka jeshini, ukashika randa na patasi, ukatengeneza milango ya mtaa mzima. Ulipostaafu useremala, kila Jumamosi ukawa unalivaa wavuka feri kwenda kulala Shimba Hills, na majirani wakakucheka: mzee mzima kulala porini! Ulinichukua mara moja. Nilipotetemeka alfajiri ukanivisha, ukasema, "Nyamaza, msikilize ndege huyu." Vita hukunitajia hata siku moja. Ndege ulinitajia wote.

Leo asubuhi nimekwenda Makupa, nikazunguka kati ya malori mpaka nikaliona. Nimelijua kwa kiraka cha kiwiko, ulichokishona mwenyewe kwa uzi wa viatu, kimekwenda upande. Mchukuzi amelivaa juani, magunia yasimchubue. Sadaka hairudishwi, najua, lakini wallahi nilitaka kumvua kwa mikono yangu.

Akanitambua. "Dada, Mungu amrehemu mzee wako. Bega langu limepona."

Nikarudi mikono mitupu.

Nimemweleza mama kila kitu, nikingoja anikaripie. Akaniuliza tu:

"Limemkaa?"

"Mikono yampita vidole."

"Na babako ilimpita," akasema, kisha akalia, yeye ambaye tangu ufe hakutoa chozi. Nimemshika mpaka akapata usingizi.

Yeye amelala. Mimi bado nazunguka humu ndani, nashika hiki naacha kile. Nimekukumbuka mno, baba. Niwie radhi, na Mola akulaze pema.

Ni mimi bintiyo, mwenye pupa