Utulivu wa Kuazima

Makorora, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa Dada yangu mpenzi Tausi,

Assalaamu alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao, na kwamba vumbi la Dodoma limewahurumia mwaka huu. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Mama anaendelea. Maneno yake yamerudi yote, na ukali umerudi pamoja nayo, alhamdulillahi. Mkono wa kushoto ndio bado. Anauinua mpaka kifuani, lakini vidole havishiki ukili wa kusuka mkeka, na ile miyaa aliyoitia rangi kabla hajaanguka ipo vilevile kwenye ungo pale barazani. Hataki itolewe.

Utashangaa kuona barua siku hizi za simu. Nimekupigia, Dada, si mara moja. Kila nikipiga unaanza kunipongeza, unawaita watoto waje wamsalimie mjomba dereva, na salio linakwisha sijasema nililotaka kusema. Basi nimeandika, na Mwinyijuma anayesafiri kesho atakukabidhi mkononi. Nasikia mama Elizabeti, yule jirani wa kanisani, amempatia Benedikta, aliyekuwa msaidizi wetu hapa nyumbani, kazi ya kumlea mzee mmoja huko Pangani, na wenye mzee wamekuomba neno lako juu ya tabia yake. Tafadhali usiwajibu kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Nianzie kwenye mtihani wa leseni. Unajua kwamba mara ya kwanza nilifeli, ila sikukwambia nilifeli vipi. Nilikaa kwenye usukani, trafiki akakaa pembeni yangu na kalamu yake, akaniambia niwashe gari tuondoke. Nikawasha. Mguu wa klachi ukaanza kucheza wenyewe, gari likaruka kama chura, likazimika. Nikawasha tena, likazimika tena. Safari ya tatu nikawasha waipa, na siku yenyewe jua linapasua mawe. Trafiki akaniuliza kwa upole kama kuna mahali nimeona mvua. Wenzangu waliokuwa wakisubiri zamu kwenye benchi walicheka mpaka Daniel akashika mbavu, na Daniel ndiye rafiki yangu.

Kazi ya kuendesha gari la hoteli kule Ushongo ilikuwa ikinisubiri, lakini haikuwa ya kunisubiri milele. Hapo kila mtu akawa daktari wangu. Mama alinitaka niisome dua ya Nabii Musa ya kufunguliwa kifua, niisome nikiwa nafunga mkanda. Mwalimu Ayubu wa chuo cha udereva alinikataza kahawa siku ya mtihani, akaniambia nilale mapema, na kabla sijagusa ufunguo niweke mikono juu ya mapaja, nishushe mabega, nivute pumzi na kuitoa taratibu. Alisema gari likizimika si msiba. Unavuta hendibreki, unarudisha gia katikati, unawasha upya, kwa sababu trafiki anachotaka kuona ni utafanya nini likishazimika. Na nisipoelewa agizo niulize, maana hakuna anayekatwa maksi kwa kuuliza. Nilimsikiliza, na chuoni niliendesha vizuri tu. Nikirudi nyumbani nikaikumbuka ile kalamu, moyo unaanza mbio upya.

Benedikta naye alinisaidia, hilo sharti ulijue. Jioni alikuwa akiketi uani pembeni yangu kwenye kiti cha plastiki, mimi nimeshika sinia ndio usukani, yeye ndiye trafiki. Anakunja uso, anauliza mbona sijaangalia kioo, mbona sijawasha indiketa, kijana wewe unataka kutuua? Mama alikuwa akicheka mpaka anapaliwa.

Mtihani wa pili nilitulia, kama ulivyohadithiwa. Bodaboda mmoja alinikatia mbele, nikakanyaga breki taratibu, nikamwacha apite, nikaendelea. Kwenye mwinuko niliondoka na gari halikurudi nyuma hata kidogo. Trafiki aliposhuka alimwambia Mwalimu Ayubu kwamba miaka mingi hajaona mwanafunzi aliyetulia hivi. Mama akapika pilau, akagawa kwa majirani, na Benedikta ndiye aliyezungusha masahani.

Wiki haikwisha, Mama akaanguka. Ilikuwa mchana, anaanua nguo. Tulimkuta mdomo umekwenda upande na mkono hausikii. Nilichukua ufunguo wa gari la Mzee Mselem jirani yetu, Benedikta akampakata kiti cha nyuma, nikaendesha mpaka hospitali. Daktari alisema presha imepanda vibaya, akauliza Mama amekosa dawa tangu lini. Benedikta akajibu kwamba zilikwisha kabla ya siku ya kliniki na yeye haelewi kwa nini. Nawe tulipokupigia ulisema kazi ya dawa ni yake, kwa hiyo amezipoteza au amezisahau, na apewe nauli arudi kwao Mwera. Alilia sana. Aliapa kwa Mungu wake, kisha akanitazama mimi nimsemee. Nilimbebea begi mpaka stendi, nikamchagulia kiti cha dirishani, nikamtakia safari njema.

Dada, dawa za Mama nilizimeza mimi.

Daniel ndiye aliyenieleza kwamba zipo dawa za presha zinazopunguza mbio za moyo, na kwamba binamu yake alimeza moja kabla ya usaili wa kazi, akajibu maswali bila kutetemeka. Akanitajia na jina la dawa. Nikachungulia kopo la dawa za Mama, nikakuta jina ni lilelile. Nikameza kidonge kimoja kwa kujaribu, mikono ikatulia. Basi kila siku ya mazoezi nikawa nachukua, mpaka siku ya mtihani, nikijiambia kwamba Mama anavyo vingi. Benedikta aliliona kopo linapungua. Alikuja kuniambia, akaniomba twende duka la dawa tukanunue vingine. Nikamjibu amehesabu vibaya, asubiri kliniki. Hilo ndilo linalonitafuna kuliko kuiba kwenyewe. Ningenunua siku ile, Mama leo angekuwa barazani anasuka. Nilinyamaza kwa kuogopa kuulizwa vimekwenda wapi.

Tena kuna hili. Siku ile ya kumkimbiza Mama hospitali sikuwa nimemeza kitu. Niliogopa kuliko siku yoyote tangu nizaliwe, nasikia pumzi za Mama nyuma yangu. Nikaweka mikono juu ya mapaja, nikashusha mabega, nikavuta pumzi, nikawasha, na gari halikuzimika hata mara moja. Kumbe nilikuwa naweza. Ule mtihani ningeufaulu na vidonge vya Mama vikiwa koponi mwake, na ningefeli ningefanya wa tatu.

Jana nilikwenda Mwera. Nilisema yote mbele ya wazazi wa Benedikta, nimekaa kwenye kigoda chao. Baba yake, Mzee Ernesti, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekwisha kuwaambia wa kwetu. Nikasema bado. Akasema basi nirudi nikaanze huko, ndipo nije kumwomba radhi mwanawe. Benedikta alikuwa ndani, namsikia anaosha vyombo, hakutoka.

Leo asubuhi nikamwambia Mama. Hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana, unavyomjua. Aligeuka akaitazama ile miyaa. Saa ya dawa ilipofika nikampelekea kidonge na kikombe cha maji. Akanyoosha mkono wake mzima kupokea, kisha akaurudisha. Akaniambia niviweke mezani, atameza nikishatoka.

Nakuomba basi, Dada, wajibu wale watu wa Pangani kwamba Benedikta ni mwaminifu na kwamba aliyekosa ni mdogo wako, umtaje kwa jina. Kisha umpigie Benedikta wewe mwenyewe, umwombe radhi kwa lile neno lako. La kwangu nitalipeleka kwa miguu yangu. Hoteli ya Ushongo nimewaambia watafute dereva mwingine, kwa kuwa Mama hawezi kubaki peke yake. Adhabu yoyote utakayonipa nitaipokea, ila watoto usiwaite tena kwenye simu wanipongeze.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto. Mzee Mselem anakusalimu, na mama Elizabeti pia. Salamu za Mama hazimo humu. Nilimuuliza nikuandikie nini, akasema atampa mtu mwingine azilete.

Wassalaam,
mdogo wako aliyekukosea,
Jumbe