Jina la Mtoto wa Gibson

S.L.P. 86,
Nyakoe, Kisii.
24 Septemba 2025

Mpendwa dada Natasha,

Kabla hujafika mbali, jua unaandikiwa na mtu anayejua Kiingereza kuliko Waingereza wenyewe, na shule niliacha kidato cha pili, walimu wakapumua. Hujambo lakini? Baridi ya huko Ufaransa imeanza kukuuma? Sisi tu wazima, mvua ipo, na bucha inauza.

Kiingereza hicho nilikipata hapa buchani. Mwalimu Obwocha, yule aliyenifundisha darasa la saba, alikuja kununua nusu kilo akaanza kunisomesha. Eti zamani watawala kutoka upande wa Ufaransa waliwashinda Waingereza. Ndiyo maana ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", lakini akifika mezani ni "beef", neno la Wafaransa. Kondoo naye "sheep" huko nje, "mutton" kwenye sahani. Nikamwambia, "Sasa Mwalimu, ulikuwa unanichapa kwa Kiingereza cha kuazima?"

Akasema, "Wewe kata nyama, Ochoki, na mfupa usizidi."

Wewe unayeishi na Wafaransa, nieleze, maana kichwa kinanizunguka. Mwalimu alisema hata majina ya babu zao Waingereza waliyaacha, wakaita watoto William na Robert kama wale waliowashinda. Na hawakufa. Leo wao ndio wanaoringa. Ama walilia kwanza, ikaisha?

Nauliza kwa sababu ya mtoto. Linet, mke wa kaka Gibson, amejifungua mvulana, sura ni yangu, bahati yake. Unajua tangu tumzike Babu, jina lake la Nyasani lilikuwa linangoja mtoto. Nyanya Mong'ina alikuwa anamwita huyu mchanga "mume wangu", kana kwamba Babu amerudi, anamgombeza kwa nini amechelewa kurudi. Mimi nikashauri tutangulize Duke, cheo cha Wafaransa kilichoingia Kiingereza, na huku kwetu kina Duke wamejaa. Linet akakubali: Duke Nyasani.

Sabato iliyopita mtoto akapelekwa mbele kanisani kuombewa. Gibson yuko kazini Mombasa, kwa hivyo nilisimama badala yake, ndani ya suti yake. Pasta akaniuliza jina. Nikasema Duke, nikaishia hapo. Pasta akangoja jina la pili, kisha akaomba.

Nyumbani Linet akampa Nyanya mtoto ampakate. Nyanya akaficha mikono ndani ya leso. "Mpelekeni kwao," akasema. "Huyu Duke mimi simjui." Mpaka leo hajamshika. Mtoto akilia, yeye anatoka nje kuangalia migomba.

Tafadhali mpigie simu, wewe huwa anakusikiliza. Mwambie Nyasani bado ni jina la mtoto.

Mama anakusalimu, na Linet, na Gibson pia alikutaja. Salamu za Nyanya sijapewa. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe ukiwa mnene.

Hapa nyumbani nimewaambia wote kwamba nilisahau kulitaja Nyasani. Sikusahau, Natasha. Wageni wa mjini walikuwa wamejaa viti vya mbele, na maikrofoni ilipofika mdomoni nililionea aibu jina la Babu.

Nduguyo anayekupenda,
Ochoki