Mechi Tisa Bila Kufungwa

Tilden Grove, Ohio
3 Desemba 1903

Mpendwa Kaka Lowell,

Habari za siku nyingi? Natumai barua hii inakukuta mzima huko Montana, wewe na shemeji Greta, na kwamba theluji haijawafungia ndani. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti, lakini kanisani haachi kwenda.

Bila shaka umesikia habari za timu ya futiboli ya chuo chetu. Tumecheza mechi tisa, tumeshinda zote, na hakuna aliyetufunga hata pointi moja. Baba amebandika gazeti dukani. Mteja hapimiwi misumari mpaka alisome.

Mechi ya mwisho ilikuwa sikukuu ya Shukrani, Alhamisi iliyopita, na timu ya Marlow. Walikuwa na kijana mwembamba, Floyd Kessinger. Alipoudaka mpira na kukimbia nao mikononi nikamwangusha, na wenzangu wakarundikana juu yetu, kama tulivyofundishwa. Walimbeba, mchezo ukaendelea. Alifariki Jumamosi.

Rufus, nahodha wetu, aliponiona baada ya mechi alinipiga mgongoni. "We Alvah, umenuna nini? Sisi ndio mabingwa, bwana! Cheka!" Nikacheka.

Jumatatu nilipanda treni hadi Marlow. Mama yake Floyd alinifungulia mlango mwenyewe, mikono imejaa unga. Nilimtajia jina langu na timu yangu. Akaniuliza, "Ulikuwa karibu naye, mwanangu? Alisema lolote?"

Ningeweza kusema hapana, Kaka. Nikamwambia, "Alisema, 'Inuka, ndugu yangu, sipumui.' Mimi ndiye niliyekuwa juu yake, mama. Sikuweza kuinuka."

Alinikaribisha jikoni. Kisha akanikatia kipande cha pai ya maboga, akakaa akinitazama mpaka nikakimaliza. Sikusikia ladha yoyote. "Haya, nenda," akasema. "Mama yako atakuwa anakutazamia."

Hapa nyumbani sijamwambia mtu. Kulia pia sijalia. Nakula, nalala, naenda darasani.

Jana wenzangu walinichagua kuwa nahodha wa mwakani. Walipiga makofi, nami nikasimama, nikawashukuru.

Msalimie sana shemeji, na umbusu binti yenu mdogo, Nell, kwa niaba yangu. Mama na Baba wanawasalimu nyote. Mungu awalinde na baridi.

Je, huko kwenye ng'ombe unakofanya kazi wanahitaji mtu mwingine? Nijibu mimi, Kaka, usimwandikie Baba.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Alvah