Shifa Ndiye Atakata

Mama Shifa,

Wewe ukiwa sokoni, mimi nimepanda basi la Mbale. Niko Nkoma, huko huko Mbale, kwa mdogo wangu Yakub mpaka kesho kutwa. Sikukasirika.

Chai iko kwenye chupa. Cherehani ya pili itiwe mafuta kabla ya kuguswa. Sare za kaki za watoto wa shule zinatakiwa Jumatatu. ~~Shifa asikate kitambaa mpaka nirudi.~~ Huo mstari nimeufuta. Shifa akate. Mkasi mkubwa uko chini ya mto wangu, na usiniulize kwa nini unalala huko. Aache inchi moja ya ziada kwenye pindo, maana watoto wanarefuka.

Leo asubuhi ulisema mbele ya Afande Akello wa magereza, mteja wetu: “Baba Shifa, unapima wewe, unakata wewe, unafagia wewe, na sare zinachelewa. Mungu mwenyewe ana malaika, wewe unajiona nani?” Afande akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikajifanya natafuta kifungo.

Kwenye shule ya usiku walinifundisha kupanga saa zangu. Kuwagawia wengine kazi hawakunifundisha, basi najifundisha mwenyewe, kwa umri huu, bila kuchekwa na askari magereza.

Nimekwenda mbali ili msiweze kuniita. Mkikwama, msinitumie mtu. Mkifaulu, pia msinitumie mtu. Hilo nataka nilione kwa macho yangu.

Baba Shifa