Kikamulio cha Watu Wawili

Majaruba ya Chumvi, Lindi
9 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umepoa na barua hii inakukuta umesimama. Mimi mzima, ila miguu imechanika kwa maji ya chumvi. Naandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani tena: mimi napayuka, wewe unasema "haloo, haloo", wenzangu wanacheka.

Dereva wa Njinjo ameniambia bado unakamua asali kwa kitambaa. Zamani ulishika ncha moja, Mama ncha nyingine, mnasokota mpaka inachuruzika. Sasa Mama hayupo. Nani anashika ile ya pili?

Mwaka jana kwenye Nane Nane niliona mashine: pipa linalong'aa, ukilizungusha asali inaruka kutoka kwenye masega, inashuka bombani. Nataka nikununulie. Huku jioni hakuna la kufanya ila kuwaza, na mimi nawaza pipa hilo. Nikubalie.

Mwanao,
Nassibu


Njinjo
15 Machi 2025

Mwanangu Nassibu, marahaba.

Tunafunga salama, futari ni mihogo. Mgongo upo, masikio ndiyo yamezidi kufa. Zamani niligonga mzinga nikasikia kama umejaa. Siku hizi naweka kiganja kwenye gogo nangoja mtetemo. Nyuki bado wananijibu.

Pipa la kuzungusha usinunue. Lile ni la masega yaliyojengwa ndani ya fremu za mbao. Mizinga yangu ni magogo, masega yananing'inia yenyewe; ukiyazungusha yanavunjika yote, unabaki na uji. Kinachonifaa ni kikamulio cha kukandamiza: masega ndani ya ndoo ya matundu, sahani nzito juu yake, unasukuma mpini kuzunguka na skrubu inaishusha.

Umeuliza ncha ya pili. Naifunga kwenye nguzo ya banda. Nguzo haichoki, lakini haisemi neno. Mama yako alikuwa anasema mpaka asali inakwisha.

Sasa, viko vikamulio vidogo vya mtu mmoja na viko vikubwa vya wawili. Asali inaiva Juni. Kama utakuja, tengenezesha kikubwa. Kama huji, kidogo kinanitosha, wala sitanuna. Chagua wewe.

Baba yako,
Abilahi


Majaruba ya Chumvi
20 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo, ila mvua imetuweka ndani na nyumba inavuja. Nilisali Idi na watu nisiowajua majina. Wewe ulisali na nani?

Nimekwenda kwa Klementi, fundi wa kuchomelea anayetengeneza pampu zetu. Nilipomweleza habari ya lile pipa la kwanza akacheka sana. "Nassibu, ulitaka kumpelekea mzee mashine ya kufulia?" Kisha akataka kutumia chuma cha kawaida, apake rangi. Nikakataa. Kutu naijua mimi. Huku koleo jipya linaliwa na chumvi kabla msimu haujaisha, na asali nayo ina ukali wake. Kila kitakachogusa asali kitakuwa stenlesi, ile ya sufuria za hotelini. Miguu tu ndiyo chuma cha kawaida.

Akaniuliza, "Mpini utoke upande mmoja au pande mbili?"

Nikamwambia mbili.

"Na wa pili atashika nani?"

Nikamwambia, mimi.

Sikufichi, Baba. Kiangazi kinachoivisha asali yako ndicho kinachokausha chumvi yetu. Juni ndipo tunaanza kukwangua, na anayeondoka akirudi anakuta nafasi yake ina mtu. Likizo tunapewa masika, wakati mizinga ni mitupu. Lakini nitakuja. Niachie upande wangu.

Mwanao,
Nassibu


Njinjo
12 Juni 2025

Mwanangu, marahaba.

Natumaini miguu imepona. Mimi nashukuru. Idi imepita, nyama nilikula kwa jirani Rehani.

Kikamulio kimefika juu ya lori la saruji, kizima. Watu wamekuja kukitazama. Rehani ameuliza kama gesi ya Songo Songo sasa inachimbwa kwangu. Nimekiosha, nimekisimamisha katikati ya banda ili pande zote mbili pawe na nafasi ya mtu kupita.

Masega ya mizinga ya karibu nimeshayatoa, yako kwenye ndoo zenye vifuniko. Yanaweza kungoja, ila sisimizi wameanza kuulizia. Jaribu kuja kabla mwezi haujaisha.

Baba yako,
Abilahi


Majaruba ya Chumvi
24 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika. Siumwi.

Nilimwomba msimamizi wiki moja tu. Akasema, "Nenda, ila nenda na godoro lako." Nikafunga begi. Kulipokucha wenzangu walichukua makoleo, na mimi nikachukua langu. Sina maelezo mazuri kuliko hayo.

Nimechoka, Baba. Nilidhani mtu akichoka anarudi kwao. Kumbe unaweza kuchoka mpaka hata kurudi kukushinde. Tunalala wanane chumba kimoja na sina wa kuzungumza naye. Nikisukuma toroli la chumvi najifanya nasukuma ule mpini, na wewe uko upande wa pili.

Niambie asali ilikuwaje. Hata kama ni kwa hasira, niambie.

Mwanao,
Nassibu


Njinjo
14 Septemba 2025

Mwanangu Nassibu, marahaba.

Nimefurahi kujua huumwi. Nilikuwa namuuliza dereva kila akipita, mpaka akaanza kunikwepa. Mimi ni mzima.

Asali ni nzuri. Haina takataka, na nta inabaki kavu kama mkate. Mnunuzi wa Kilwa Masoko aliinua chupa juani akaitazama, akaniuliza nimekamua na nani. Nikajifanya sikusikia.

Ulichagua vizuri ile stenlesi, haijashika doa. Mwanzoni kikamulio kilitaka kuinama upande wangu, nikakilundikia mawe miguuni. Nasukuma polepole, napumzika, nasukuma tena. Kitambaa cha mama yako sasa nachujia tu.

Kuna jambo nakuambia mwenyewe, usije ukaliona ukaumia. Upande wangu wa mpini najua ulipo. Ule wa pili nausahau. Nikiinama kubadili ndoo unanipiga kisogoni. Juzi nilitoka damu. Basi nikaazima msumeno wa chuma kwa Rehani, nikaukata.

Sikuutupa. Fundi wa hapa anasema unaungika tena. Nimeupaka nta usishike kutu, nikauchomeka kwenye paa, juu ya kitanda chako.

Baba yako,
Abilahi